Siku Kifaa Kilipofika Zahanati Yetu

Jumanne, 3 Desemba

Kliniki ya watoto kama kawaida. Mizani, chanjo, kadi, kelele. Saa tano gari la wilaya likaingia uwanjani. Nikamwacha mtoto ananing'inia kwenye mizani, mama yake akamshika.

Kifaa kimefika! Kinaenea kwenye mkoba na kinatumia betri. Unampaka mama siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, unasubiri dakika moja. Ukiona doa jeupe unalichoma hapo hapo kwa joto la kifaa. Sekunde arobaini, kabla doa halijawa saratani. Mama anarudi shambani kwake. Hakuna Dar, hakuna mionzi. Muuguzi mwenzangu, Rehema, ananicheka, eti nimekipakata kama kichanga. Ni kweli nimekipakata.

Jumatano, 4 Desemba

Nimesoma tena daftari la mafunzo. Zamani ilikuwa kisu tu. Ikaja mionzi. Akatokea mtu akafikiria kukwangua chembe na kuzitazama kwa hadubini kabla mwanamke hajaumwa. Wengine wakagundua chanzo ni kirusi. Ikaja chanjo, nami mwenyewe nawachoma mabinti pale shuleni. Watu wasiojuana, kila mmoja anamwachia mwenzake pa kuanzia. Na leo zamu imefika huku Mahurunga, kwangu, na chupa ya siki. Natamani kupiga vigelegele.

Mama yangu hakuwahi. Alifikishwa Dar ugonjwa umeshaenea. Kadi yake ya hospitali naiweka humu ndani ya shajara. Mstari wa tarehe ya kurudi uko mtupu. Walimwambia apumzike nyumbani.

Nimetangaza upimaji: Jumamosi, bure, wanawake wa miaka thelathini hadi hamsini.

Jumamosi, 7 Desemba

Hakuja hata mmoja. Hata mmoja! Tangu saa mbili tunatazama mlango. Saa nne ngoma zikaanza kulia. Leo wali, mabinti waliofundwa, wanatolewa unyagoni, kijiji kizima kiko huko. Miaka sita naishi hapa, Mnyakyusa mimi, nikapanga siku hiyo hiyo. Rehema alidhani nimefanya makusudi ili niwavizie wanawake ngomani. Angalau yeye ananiona nina akili.

Nikajifunga khanga nikaenda. Wali wamepakwa mafuta, wanang'aa. Nikamwendea Bi Somoe, kungwi wao. Akikataa yeye, wamekataa wote. Alinisikiliza jasho likimtoka, kisha akauliza swali moja.

"Huku kwetu, nesi, asiyechezwa unyago hamchezi mwali. Wewe umepimwa?"

Nikasema ndiyo.

Jumapili, 8 Desemba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nina miaka arobaini na mbili. Nimefundishwa kupima, nimemfundisha Rehema, na sijawahi kulala kwenye kile kitanda. Kila mwaka nasema mwakani. Naogopa. Naogopa kukuta ninacho alichokuwa nacho Mama. Sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Jumanne, 10 Desemba

Bi Somoe kaja kuchukua dawa za presha. Benchi limejaa wanawake. Akaniuliza mbele yao: inakuwaje ukipimwa, inauma? Nikababaika. Nikasema haiumi sana, ni kama... sikumalizia. Wakatazamana. Njia ya mwongo fupi. Yangu ilidumu siku tatu.

Nikamvuta stoo nikamweleza ukweli, na habari za Mama. Nilitegemea matusi. Akacheka mpaka akashika rafu.

"Nilijua tangu siku ile. Kesho asubuhi nakuja. Mwali haingii peke yake, mie ndiye somo wako, kungwi wako."

Jumatano, 11 Desemba

Nimelala kitandani mimi. Rehema ndiye anayepima. Chuma chenye mdomo wa bata, baridi kweli. Sitawaambia tena wanawake kwamba si baridi. Bi Somoe kanishika mkono, anaimba polepole kwa Kimakonde, maneno siyajui. Siki. Dakika moja. Rehema akasogeza taa karibu.

Doa jeupe. Dogo. Liko mahali pa kutibika.

Nikamwambia achome. Nikahesabu kwa sauti. Thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini. Maumivu kama ya hedhi, basi. Basi! Nimecheka, nimelia, nimemkumbatia Bi Somoe hata khanga sijaifunga vizuri. Mbegu ya kilichomuua Mama imetoka kabla ya chai ya saa nne!

Nimempigia mume wangu, yuko kazini bandarini. Nikamwambia yote. Nikamwambia pia wiki nne kila mtu upande wake wa kitanda, mpaka kidonda kipone. Akasema hata nane.

Ijumaa, 13 Desemba

Foleni! Imetoka nje mpaka kwenye mikorosho. Bi Somoe kapimwa wa kwanza, yuko safi. Akakaa mlangoni anawapanga wenzake, na kila anayesitasita anamtania: "Nesi kachomwa juzi, jana kapanda baiskeli!" Sijapanda baiskeli yoyote. Nimemwachia, tumelipana.

Saa tisa betri ikakata. Nikadhani wataondoka. Wakatandika khanga chini, wakamenya embe, wakasubiri sola ichaji. Wanne walikuwa na doa na wote wametibiwa. Miguu inaniuma, sauti sina, na kesho nataka tena.

Jumapili, 22 Desemba

Mvua tangu asubuhi. Nimeshinda ndani. Nimekunja nguo, nimepika muhogo.

Nimejaza kadi yangu kwa mkono wangu. Jina. Umri. Kijiji. Tarehe ya kurudi: Desemba mwakani.

Nimeiweka humu, juu ya ile ya Mama.