Kiganja Kwenye Saruji

Kwako mume wangu mdogo, mjukuu wangu,

Mimi mzima, magoti tu ndiyo yameninunia. Anayeandika ni jirani, nimemkataza kupamba.

Lile bomba la maji ya mvua ulilolaza chini ya reli limepasuka, na maji yakaturudia ndani. Najua umesikia, ndiyo maana hupigi simu. Mafundi wamekuja kulibadilisha; wanachimba treni ikishapita, ikirudi wanakimbia. Walipobomoa mdomo wa bomba wakakuta alama ya kiganja chako kwenye saruji. Msimamizi akaniuliza, “Bibi, fundi huyu hodari unamjua?” Wenzake wakacheka.

Mimi niliyekitangaza kiganja hicho mtaa mzima, nikasema, “Simjui, baba.”

Tangu hapo sina uso. Kulaza vibaya umelaza, na nitakugombeza ukija. Lakini kukukana?

Nikaenda kwenye kifusi, nikalibeba lile bonge la saruji lenye kiganja chako mpaka nyumbani. Sasa linazuia mlango usijifunge. Leo msimamizi kaja kuomba maji ya kunywa, kaliona. Nikamwambia, “Huyo ni mjukuu wangu.” Hakucheka.

Basi njoo. Bomba jipya bado halijafukiwa, na mikono haiwatoshi.

Ni mimi mkeo mzee,
Bibi