Mdogo Amekula!

Baba watoto na wanangu,

Nimekimbilia dukani kununua nyenje wengine wa kuwalisha mijusi wenu. Waliobaki wamo ndooni. Watupieni karoti, mfunike kwa chandarua!

Asubuhi nimewamwaga wote jikoni. Shangazi yenu akapanda mezani, "Tumevamiwa!" Nami nawakimbiza kwa ungo, mjusi mdogo kaniparamia begani, yule mliyesema hafiki Jumapili kwa kukataa kula. Nyenje akaruka, naye hap! Akamdaka! Miguu ya nyenje ikachungulia mdomoni. Shangazi akapiga vigelegele hukohuko mezani. Mbavu sina.

Mkirudi kabla yangu, ~~msimlishe, nataka kumwona mwenyewe~~ mpeni nyenje mmoja, mdogo. Njaa haimngoji mtu.

Mama, aliyeapa hatagusa mjusi maishani