Baba Januarius, Katekista Uliyekataa Kujifanya Padri

Baba, mwaka umetimia. Tarehe kumi na mbili Agosti mwaka jana, 1999, saa sita mchana, ulituacha hapa nyumbani Nkoma. Mpaka leo kuna watu wanapita uani, wanaita, "Katekista yupo?" kisha wanashika mdomo. Tunawakaribisha hivyo hivyo, wanakunywa maji, wanaendelea na safari.

Ninaandika mimi Milembe, binti yako wa kwanza, kwa niaba ya wote. Mama amekaa karibu yangu anachambua choroko huku namsomea. Mara mbili ameshaniambia, "Futa hapo, baba yako hakupenda kusifiwa." Nimefuta mara moja.

Kwa miaka ishirini na mmoja ulikuwa katekista wa kigango chetu. Padri alifika mara moja kwa mwezi, na wakati wa mvua hata miezi miwili ilipita hatujamwona. Jumapili zote nyingine ulisimama wewe. Ulisoma Neno, ukafafanua, ukaongoza sala, ukawaombea wagonjwa, ukazika. Kanisani kulikuwa na kiti kimoja tu chenye sehemu ya kuegemeza mikono, kiti cha padri, na hatukukuona hata siku moja umekikalia. Ulikaa kwenye benchi pamoja na wanakwaya. Kanzu yako uliipiga pasi mwenyewe kila Jumamosi, maana mdogo wangu Debora aliwahi kuiunguza, na tangu hapo hukumwamini mtu na pasi ya mkaa.

Kampuni binafsi zilipoanza kununua pamba, malori yakawa yanafika mpaka Jumapili asubuhi. Kanisa likabaki na akina mama na wazee. Wenzako walitaka uwatangaze wasiokuja. Hukutaka ugomvi. Ulisogeza ibada mpaka saa moja asubuhi, ukasema, "Wenye malori hawaamki mapema kama Mungu." Watu wakacheka, na Jumapili iliyofuata wakaja.

Miaka hiyo hiyo walikuja pia wahubiri wengi wapya, na vipaza sauti vyao vikawekwa sokoni. Siku moja baada ya ibada Gilbert wa kwaya alikuuliza mbele ya watu wote, "Katekista, wale wanasema kila Mkristo ni kuhani. Sasa sisi kwa nini tunamsubiri padri miezi miwili?"

Ulimjibu bila haraka. "Wanachosema ni kweli, Gilbert. Siku ya ubatizo ulipakwa mafuta uwe kuhani. Ukilima ukamtolea Mungu jasho lako, ukimwombea jirani, ukivumilia kwa ajili ya mwingine, unafanya kazi ya ukuhani. Lakini Kristo aliwateua pia watu wa kuvunja mkate kwa niaba yake na kusamehe dhambi kwa jina lake. Hao huwekewa mikono. Mimi sijawekewa. Kwa hiyo ninafanya yaliyo yangu, na yaliyo ya padri ninamsubiria."

Sidhani kama Gilbert aliridhika. Hata sisi nyumbani tulidhani ni maneno ya mafundisho tu, hadi siku ya baba mkubwa Sayi.

Kwa wasiomjua, baba mkubwa Sayi ni kaka yako wa tumbo moja. Mlibatizwa pamoja mkiwa vijana. Babu alipofariki mwaka 1986, ukoo ulitaka mtu wa kusimama kwa ajili ya nyumba nzima, kuchinja na kumwaga pombe kwa wahenga. Wewe ulikataa. Sayi, kwa kuwa ni mkubwa, alikubali, akaacha kanisa. Siku ile alikwambia neno ambalo Mama analikumbuka mpaka leo: "Kanisa lako limekufanya mtoto asiye na baba." Tangu hapo mlisalimiana tu. Mwadila, mwadila, basi. Miaka kumi na mmoja hamkula sahani moja, na nyumba zenu zinatazamana.

Mwanzoni mwa 1998, katika mvua zile kubwa za Elnino, baba mkubwa aliugua kifua. Nilikuwepo, kwa sababu barabara ya kurudi shuleni kwangu Malampaka ilikuwa imekatika. Muuguzi wa zahanati alimchoma sindano siku tatu, kisha akatuambia tujiandae. Siku ya nne asubuhi mama mkubwa Kabula, mke wa Sayi, alivuka uwanja kwenye tope mpaka mlangoni kwetu. Alisema, "Shemeji, kaka yako anakuita."

Tulikwenda wote. Baba mkubwa alikuwa ameegemezwa kwenye magunia, anapumua kwa shida. Hakukusalimia. Alisema moja kwa moja, "Mdogo wangu, kuna mambo nimeyabeba. Niondolee dhambi."

Ulipiga magoti kando yake. "Kaka, tutasali pamoja sasa hivi. Mwambie Mungu unajuta, anakusikia hapa hapa. Lakini maneno ya kukuondolea ni ya padri. Mimi sina."

"Wewe ndiye padri wetu. Miaka yote nakuona umesimama pale mbele."

"Nimesimama, ndiyo. Lakini si kwa hilo."

Hapo mama mkubwa Kabula alipandwa na hasira, na sasa ninamwelewa. "Mto umejaa, padri hatafika leo wala kesho. Mwambie tu ameondolewa, mtu afe ametulia! Nani atajua?"

Ulimtazama, Baba, na sijawahi kukuona umehuzunika namna ile. "Shemeji, mimi nitajua. Na yeye anaomba kitu cha kweli. Nikimpa cha uongo saa hii, nitakuwa nimemnyima mara mbili."

Mlisali. Ulimwongoza sala ya majuto taratibu, neno kwa neno, naye akaifuata mpaka mwisho. Kisha ukasimama, ukakunja suruali juu ya magoti, ukachukua baiskeli. Mama alikuuliza, "Unakwenda wapi?" Ukasema, "Bariadi."

Alikushika mkono. Wiki ile mto ulikuwa umechukua watu wawili. Alikwambia una watoto wanne. Ulimwambia, "Najua, Apolonia," ukamwachia yeye rozari yako, ukaondoka. Tulikutazama hadi ulipopotea kwenye mashamba ya pamba yaliyolala kwenye maji. Nilikukasirikia sana siku ile. Niliona umechagua sheria badala yetu.

Mengine tuliyapata kwa Padre Maganga mwenyewe, padri wetu wa Bariadi. Alisema ulifika parokiani jioni, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Hukutaka hata kukaa. Alikwambia, "Katekista, kesho tukifika tutamkuta amekufa." Ukamjibu, "Huenda, Padre. Lakini atakuwa amekufa akijua tupo njiani."

Kesho yake asubuhi mlifika mtoni. Wachunga ng'ombe wa ng'ambo ya mto waliingiza maksai wawili kwenye maji. Wewe ulishika mkia wa mmoja, Padre akashika mkia wa mwingine, mafuta matakatifu na Ekaristi amevifunga shingoni ndani ya mfuko wa nailoni. Katikati ya mto maksai wa Padre aliyumba, wakazama wote wawili kidogo, wakaibuka. Padre anasema yeye alikuwa anapiga kelele. Wewe ulikuwa unamsemesha ng'ombe wako kwa Kisukuma, kama mtu anayelima.

Saa sita mchana mliingia uani, mmejaa tope mpaka kwenye nywele. Baba mkubwa alikuwa bado hai.

Padre Maganga aliomba tutoke wote. Tulisimama nje chini ya upenu, mvua inanyunyiza. Wewe ulikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, unatetemeka, na mama mkubwa Kabula akaja kukufunika kwa kitenge chake. Sijui ni muda gani ulipita. Mlango ulipofunguliwa tuliingia, tukamwona baba mkubwa amepakwa mafuta kwenye paji la uso na viganjani, anapokea Ekaristi ambayo hakuwa ameigusa kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa analia waziwazi, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata msibani kwa Babu. Kisha akaunyoosha mkono kwako. "Wabeja, mdogo wangu," alisema. Asante. Ukaushika.

Hakufa, Baba. Wewe unajua, lakini naandika ili wasomaji nao wajue. Homa ilishuka siku ya tatu, na baada ya mwezi alikuwa anatembea na fimbo.

Jioni moja mwaka huo mlikuwa mnakula ugali na samaki wa Lamadi, sahani moja, na mimi nilikuwa nawanawisha mikono. Baba mkubwa akasema, "Nimechinja mbuzi wengi kwa ajili ya nyumba hii. Kila mara nilijua nitarudi kuchinja tena. Haikuisha. Huyu padri wenu anachinja nini?"

Ulimeza tonge kwanza. "Hachinji, kaka. Zamani makuhani wa uzao wa Haruni walichinja kama wewe, mwaka hadi mwaka, nao haikuisha. Tena alikuwepo Melkizedeki, kuhani aliyetoa mkate na divai. Halafu akaja Kristo, akajitoa yeye mwenyewe, mara moja, kuhani na sadaka mtu mmoja. Padri haongezi sadaka nyingine. Kwenye Misa anatufikisha kwenye ile ile moja. Mikono ni yake, kazi ni ya Kristo. Ndiyo maana hata padri akiwa mkali au mvivu, sadaka haipungui."

"Padre Maganga si mvivu," alisema baba mkubwa. "Nimeona tope lake."

Mkacheka. Akafikiri, akasema tena, "Basi wewe siku ile ungeweza kunidanganya, ukaonekana mtu mkubwa."

Ulimsogezea kipande cha samaki.

Hiyo ndiyo siku niliyoacha kukukasirikia, Baba. Sikuwahi kukwambia, ndiyo maana nakwambia sasa, hadharani.

Mwaka jana ini likakushika, likakumaliza kwa wiki tano. Asubuhi ya mwisho uliomba padri. Rodgers, mwanao, alikuwa Mwanza anatafuta dawa. Kabla hatujajua nani aende, baba mkubwa Sayi, mzee wa miaka sitini na saba, alikuwa ameshatoa baiskeli nje. Tulimzuia. Akasema, "Niacheni. Hii safari ni yangu."

Karibu na saa sita uliuliza, "Wamefika?" Mama akakwambia bado. Ukafumba macho, ukasema, "Basi tusali yaliyo yetu." Tulisali, mimi, Mama na wadogo zangu Debora na Jenipha. Tulikuwa kwenye sala ya majuto, nawe midomo yako ilikuwa inatufuata. Ikaacha kutufuata.

Padre Maganga aliingia saa nane na pikipiki, baba mkubwa nyuma yake. Walipoona akina mama wamekaa chini uani, walielewa. Padre aliingia ndani, akakuombea, akakaa pale kitandani muda mrefu, stola bado imo mkononi.

Rodgers alipofika kesho yake alilia kwa hasira. "Baba aliingia mtoni kwa ajili ya kumletea mtu padri," alisema, "halafu yeye afe bila padri! Haki iko wapi?"

Padre alisema tu kwamba Mungu ametupa sakramenti tuzishike, lakini yeye mwenyewe hafungwi nazo, na kwamba anayezitamani kwa moyo wote kama ulivyozitamani wewe, Mungu hamwachi. Rodgers aliinamisha kichwa. Ndipo baba mkubwa Sayi akasogea, akamkalisha karibu naye.

"Mwanangu," alimwambia, "baba yako hakujua kama nitakuwa hai akirudi. Alikwenda tu. Na mimi sikujua. Nimekwenda tu. Katika nyumba hii hatujamdanganya mtu, wala hatujakaa bure." Akamshika bega, wakakaa hivyo mpaka wachimba kaburi walipokuja kuita.

Padre Maganga alikuadhimishia Misa ya mazishi. Ilipofika wakati wa matoleo, Gilbert wa kwaya alileta mkate na divai altareni. Nilifikiri, hapa ndipo Baba alipokuwa anatuleta kila Jumapili, akisimama pembeni ili tuone.

Sasa kigango kinaongozwa na Klementina, mwanafunzi wako. Ni katekista wetu wa kwanza mwanamke. Ana sauti kubwa kuliko yako, na wazee walionung'unika mwanzoni wameshazoea. Paa la kanisa limeezekwa upya upande wa magharibi. Debora amepata mtoto wa kiume. Pamba mwaka huu si mbaya.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumapili hii saa nne asubuhi kigangoni Nkoma, na baadaye chakula nyumbani. Wote waliokujua wanakaribishwa, na hata wasiokujua.

Unakumbukwa na mkeo Apolonia. Watoto wako Milembe, Rodgers, Debora na Jenipha. Kaka yako Sayi na shemeji yako Kabula. Mjukuu wako ambaye hukumwona. Padre Maganga, katekista Klementina na waamini wote wa kigango.

Mama ameshamaliza choroko. Nimemuuliza kama ana neno la kuongeza. Amesema, "Mwambie nimeacha kulia kila siku. Sasa nalia Jumapili tu, wakati wa Komunyo, na wala si kwa huzuni."

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazopewa.