Kitabu cha Baba Kimehamia Mbeya

Iyunga,
Mbeya.
20 Juni, 1976.

Mpendwa Baba mdogo Bartolomeo,

Kamwene, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muheza, wewe na mama mdogo Severina na wadogo zangu wote. Kifua chako kinaendeleaje? Mama aliniambia vumbi la mkonge limeanza kukusumbua tena. Tafadhali pumzika ukiambiwa upumzike, usijifanye kijana. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwezi huu inang'ata masikio. Leo asubuhi majani ya viazi yalikuwa meupe kwa umande ulioganda.

Najua unasubiri habari za kaka yako. Baba anaendelea. Mguu sasa unamtii, akishika fimbo anafika mpaka zizini kwa mbuzi na kurudi. Mkono wa kulia bado umelala. Lakini maneno, Baba mdogo, ndiyo yaliyotutia uchungu. Tangu kiharusi kilipomwangusha pale Iringa, hakutamka hata neno. Mama akimsimulia habari za majirani, yeye anamtazama tu. Mtu aliyekuwa akibishana mpaka na redio!

Sasa nikueleze habari ya kitabu, maana sidhani kama uliwahi kuisikia. Tangu masomo ya watu wazima yaanze, baba alikuwa akisikitika kwamba mama zetu wanajua kusoma lakini hawana cha kusoma. Basi akaziandika zile hadithi za bibi, hata ile ya fisi aliyekwenda kuposa. Halafu, kila akimaliza kazi ya mwajiri wake pale kiwanda cha uchapaji, akawa anazipanga mwenyewe, herufi moja moja ya madini ya risasi, ukurasa baada ya ukurasa. Alikuwa amezipanga zote, hajachapa hata karatasi moja, ndipo akaanguka.

Baada ya Pasaka kiwanda kile kikapata mwenyewe mwingine. Si mtu mbaya. Alimwambia mama kwa upole kwamba anahitaji nafasi, na kurasa zile zilizopangwa itabidi zivunjwe, herufi zirudishwe makashani. Nilipopata habari nilipanda basi la Iringa siku hiyo hiyo, nikiwa na nguo niliyovaa kazini. Nikamwomba anipe, akanipa, tena na makasha ya herufi za zamani, kwa kuwa yeye alikuwa akileta mpya. Nikazifunga kurasa kwa kamba, nikazilaza ndani ya mablanketi, nikapata lori la mbao lililokuwa likija Mbeya. Kila lori liliporuka shimo, moyo wangu nao uliruka.

Unakumbuka kwamba baba ndiye aliyenifundisha kazi hii. Hapa Mbeya nampangia herufi Mzee Isakwisa, Mnyakyusa mmoja mwenye kiwanda kidogo karibu na soko. Nilimwomba nitumie mashine yake jioni, wateja wakishaondoka. Akaniuliza, "Ni kazi ya nani?" Nikamwambia ni ya baba yangu, na kwamba hawezi tena kuimaliza. Akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Ingiza mizigo yako, binti."

Nilidhani nitaziweka kurasa kwenye mashine na kuchapa. Wapi! Fremu za chuma alizobania baba kurasa zake zilikuwa kubwa, haziingii kwenye mashine ya Mbeya. Ikabidi nizifungue zote na kuzifunga upya kwenye fremu ndogo. Kurasa mbili zilimwagika mikononi mwangu. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, Baba mdogo, kwa sababu ule ulikuwa mpango wa mikono yake, wa mkono ule ambao sasa umelala.

Nikazipanga upya. Herufi nyingine zilikuwa zimevunjika au kupotea njiani, basi palipopungua nikaazima za mzee. Kumbe nimeharibu zaidi! Tulipojaribu kuchapa, maneno mengine yalitoboa karatasi na mengine hayakuonekana kabisa. Nilikagua wino, nikakagua karatasi, nikaikaza mashine, hali ikawa ile ile. Mzee Isakwisa akachukua herufi mbili akazisimamisha kwenye kioo, moja ya kwake na moja ya kwetu. Ya kwetu ilikuwa ndefu kidogo tu, unene wa ukucha. Akacheka, akasema, "Herufi za baba yako hazikai na wageni."

Basi nikazitoa zote za kuazima. Za akiba, herufi *a* na *k* hazikutosha, maana makasha yale yalitengenezwa kwa lugha za Ulaya, nasi Waswahili hatuwezi kusema lolote bila *a* na *k*. Ikawa nikichapa kurasa chache za mwanzo, nazivunja, ndipo napata herufi za kukamilishia zile zilizobaki.

Lakini kabla ya kuvunja chochote, karatasi ya kwanza iliyotoka safi niliikunja nikaipeleka nyumbani Iringa. Baba alikuwa ameketi juani. Nikamwekea mapajani. Aliitazama kitambo, kisha kidole cha mkono wa kushoto kikaanza kutembea chini ya mistari, polepole, kama zamani alipokuwa akinisahihisha. Kikasimama. Akapagonga mahali pale mara mbili. Nikainama. Palipaswa kuandikwa *nyumba*, nami nilikuwa nimesimamisha *n* kichwa chini, ikasomeka *uyumba*.

Akavuta pumzi, mdomo ukahangaika, akasema, "Geuza."

Mama alikuwa akipepeta mahindi. Ungo ulimponyoka, mahindi yakatapakaa uani, kuku wakafanya sherehe. Hakuna aliyewafukuza.

Niliigeuza ile *n*, Baba mdogo, na kitabu kimekwisha. Nakala yako naituma kwa posta pamoja na barua hii. Kina mama wa darasa la kijijini wameanza kukisoma, na nasikia kwa fisi wanacheka mpaka mwalimu anasahau kipindi. Baba bado ana neno lile moja tu. Akiletewa uji, "Geuza." Padri akija kumwombea, "Geuza." Mama anasema halimchoshi, aliseme mpaka lizae mengine. Ukipata likizo njoo ulisikie kwa masikio yako.

Nisalimie mama mdogo Severina, na Didas, na mdogo wangu Regina, mwambie nimemwekea sweta. Mzee Isakwisa naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Mungu akulinde kazini na barabarani, akukutanishe na kaka yako mkiwa wazima wote wawili.

Ni mimi mwanao nikupendaye sana,

Verediana Kalinga