Mlio wa Mchezo wa Treni

Kibandani, mkabala na kinyozi,
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu kwanza. Hujambo huko mgodini? Mgongo vipi? Mimi mzima, nauza makava ya simu na chaja, na mdomo bado unauza kuliko mikono. Nakuandikia maana simu yako haipatikani tangu mwezi uliopita.

Kaka, Baba hayuko sawa. Tangu apooze hajasema neno, na wiki hii hata kijiko anakikataa. Daktari katuambia tumletee vitu anavyovijua, pengine atazinduka. Nikamletea redio, akaitazama kama jirani mbea.

Nikakumbuka ule mchezo wa treni mliokuwa mkicheza wewe na yeye, huku anapiga mluzi. Kompyuta yako ilishakufa, ila diski bado hai. Nikaazima laptopu ya kinyozi, nikaweka programu inayoiga kompyuta za zamani. Treni ikaja, inakwenda, lakini kimya kama imeiba.

Programu ikaanza kunihoji: muziki utoke kadi gani ya sauti, milio itoke wapi. Mimi na darasa la nne langu nikabonyeza yote. Nikapata kadi moja ina ngoma, tarumbeta, kila kitu. Nikajisifu, hii ndiyo yenyewe. Nikaiunga na spika kubwa ya kibandani. Baba akageukia ukuta.

Mama akasema, "We Chapchap, kompyuta ile ilikuwa na kadi gani? Ilikuwa inalia pii pii tu, mpaka nikawafukuza sebuleni."

Basi nikachagua ile spika ndogo ya kompyuta yenyewe. Mbaya, Kaka, utadhani mbuzi kabanwa na mlango. Baba akageuka. Kidole kikawa kinagonga shuka, kinafuata. Midomo akaikunja apige mluzi, ikatoka hewa tupu. Akameza vijiko viwili vya supu.

Halafu akaangalia mlango. Mimi niko mbele yake na bakuli, yeye anaangalia mlango mpaka treni ikafika. Kila siku nikiuwasha mchezo ni hivyo hivyo, vijiko viwili, halafu mlango.

Sauti nimeipata, Kaka. Kilichobaki sioni pa kukibonyeza. Omba ruhusa uje, usingoje mwisho wa mwaka.

Mama anakusalimu sana. Kinyozi naye anaulizia kitana chake. Mungu akutoe huko chini salama.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata kama anayetazamiwa ni wewe,
Chapchap.