Ghorofa ya Mwisho ya Fundi Sentimita

Jumanne hii mwaka umetimia, Mama, tangu utoke kazini saa saba mchana kununua uzi ng'ambo ya barabara, usirudi. Hatukutaka kuhesabu, lakini siku zimejihesabu zenyewe. Cherehani yako iko pale pale dirishani, imefunikwa shuka, na hakuna aliyethubutu kuisogeza hata siku ya kupaka rangi. Fundi wa rangi aliambiwa aizunguke.

Wenzangu wamenikabidhi mimi kalamu, mwanao wa kwanza. Kaka anasema yeye ni dereva wa lori, kazi ya kuandika aachiwe mwalimu. Kitinda mimba wako alinitazama tu. Anajua nina jambo la kukuambia ambalo sikukuambia ulipokuwa hai.

Miaka ishirini na tisa ulishona sare za shule katika karakana ile yenye madirisha ya juu. Wakakubandika jina la Fundi Sentimita, nawe ukalipenda kuliko jina lako. Kola ikizidi nusu sentimita, unafumua. "Mimi naishona saa moja," ulikuwa ukisema, "mtoto ataivaa mwaka mzima. Sasa nani avumilie?" Pindo za sketi uliziachia kitambaa kirefu kwa ndani ili mtoto akirefuka, nguo nayo irefushwe. Msimamizi alilalamika kwamba unamaliza vitambaa. Ulimwitikia "ndiyo bwana" kwa adabu zote, kisha ukaendelea vile vile.

Utani wako tumeukosa sana. Baba anavyotembea polepole, ulituambia, "Huyu bwana hata kwenye mazishi yake mwenyewe atachelewa." Tulicheka mpaka machozi. Sasa Baba ndiye aliyebaki, na utani ule hakuna anayeuweza tena.

Halafu kulikuwa na ghorofa, ndivyo tulivyoiita keki yako ya tabaka kwenye bakuli. Kila penye sherehe nyumbani, iwe mtoto amefaulu mtihani au mtu ametoka salama hospitali, ulishusha lile bakuli kubwa la kioo kutoka juu ya kabati. Keki uliioka siku moja kabla, ukaipasua vipande vyembamba kwa uzi wa kushonea, umeushika ncha mbili na kuuvuta taratibu. Kisu, ulisema, kinaichana. Kipande cha kwanza kinalala chini, unakinyunyizia maji ya machungwa. Juu yake jamu ya forosadi uliyoipika mwenyewe. Kisha kastadi, ikiwa imepoa kabisa. Kisha stroberi, zimekatwa nusu na kupangwa zikitazama nje kwenye kioo kama abiria madirishani. Krimu, halafu unaanza upya, hadi ghorofa tatu. Ukimaliza unatuita: "Haya, chuchumaeni muone." Tunachuchumaa, wazima kwa watoto, tunatazama ubavuni mwa bakuli mistari iliyonyooka kama imepigwa rula. Hapo ndipo ulipopata raha yako. Kula kwenyewe ulituachia sisi.

Miaka miwili ya mwisho ulibadilika, Mama, na sisi tukasema ni uzee, ingawa ulikuwa na miaka hamsini na minane tu. Uliacha mashine ukahamia meza ya kukunja na kufunga mashati, ukisema mgongo umechoka. Ulimwomba msichana wa meza ya jirani akutungie uzi: "Sindano za siku hizi zina choyo, hata tundu hazitoi." Ujumbe wa simu hukusoma tena. "Nipigie," ulisema, "nataka sauti, sitaki barua." Ulimpapasa mwanangu usoni kwa viganja viwili, ukasema amechukua pua ya babu yake. Na asubuhi Baba alikupeleka kazini mmeshikana mikono, tukawacheka, eti uchumba umerudi.

Kisha ikaja sherehe ya Baba ya kustaafu. Miaka thelathini na tano ya kuziba mabomba ya mji si mchezo, na wenzake walikuja wote, na mkuu wao na mkewe. Shughuli niliishika mimi. Nilikuwa jikoni kwako tangu alfajiri. Ulikuwa umesema wiki nzima kwamba ghorofa ni yako, asiiguse mtu, nami nikakubali kwa mdomo. Lakini kwa siri nilikuwa nimeagiza keki ya dukani, iwe ya akiba, maana siku hizo nilikuwa naona vitu vyako vinaparaganyika. Hilo nalo nakuungamia leo.

Wageni walipomaliza kula nilifungua friji, nikatoa bakuli, nikaondoa kitambaa. Lilikuwa limepinda. Upande mmoja krimu ilikuwa imezama kwenye jamu, kastadi imepita katikati ikafanya mto. Stroberi nyingine zilikuwa na majani yake ya kijani, nyingine zimegeuziwa mgongo. Kwa nje kioo kilijaa alama za vidole. Nawe ulikuwa umesimama kwenye mlango wa sebule, umevaa gauni la bluu, uso umekunjuka, unangoja watu waitikie.

Nikasema, na sauti yangu ya darasani mnaijua nyote, "Mama, hii ndiyo ya kuwapa wageni? Umekuwa mzembe kiasi hiki? Hata majani hukutoa!"

Mke wa mkuu akaanza kuchunguza sahani yake tupu. Wewe ulicheka, kicheko kifupi, ukasema, "Haya basi, leteni ya dukani. Leo fundi kapindisha." Ukatafuta kiti nyuma yako kwa mkono, ukakaa.

Kaka alinifuata jikoni, akachota kijiko. "Dada, mbona tamu?"

"Tamu nini? Limekaa kama limepigwa na mafuriko."

Nikalimwaga lote kwenye ndoo ya taka. Mimi sikuonja.

Siku thelathini na nane zilifuata. Nilikuja kwako mara nne, tukazungumza mvua na shule na ada za watoto. Neno "samahani" lilikuwa mdomoni kila mara, kila mara nikalimeza, nikijiambia kwamba ni jambo dogo na wewe huna kinyongo.

Jumanne ile msichana aliyezoea kukushika mkono kuvuka barabara alikuwa mgonjwa. Ulivuka peke yako. Gari dogo la kubeba mizigo lilikuwa linakuja, wala si kwa kasi. Dereva wake, mtu mzima, alilia kama mtoto mbele ya askari, akarudia maneno yale yale: "Alinitazama. Alinitazama usoni kabisa, halafu akaingia."

Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya jeneza. Siku ya pili ya msiba nilikuwa napita nyuma ya nyumba na sinia la vikombe, nikasikia wanawake wawili wanaoosha vyombo. "Wanasema kaingia mwenyewe," mmoja alisema. "Tangu siku ile binti yake alipomwaibisha mbele ya wageni hakuwa sawa." Mwenzake akajibu, "Ndiyo hivyo. Roho ya mama ina mwisho."

Sikuwakatiza. Nililiweka sinia chini, nikakaa kwenye ngazi, nikayaamini. Niliyaamini yote, Mama.

Baba akasikia. Unamjua, mtu wa maneno matatu kwa siku. Siku ya tatu, uani kumejaa, alisimama bila kuombwa, akashikilia nguzo ya kibaraza.

"Mke wangu hakumtazama dereva," alisema. "Mke wangu alikuwa haoni."

Watu wakadhani amechanganyikiwa. Mama Mdogo, ndugu yako, akamwendea amkalishe, lakini Baba akamtoa mkono.

"Mwaka wa pili huu. Daktari alisema mishipa ya macho inakufa, na miwani haitasaidia. Alikuwa anaona mwanga na kivuli, basi. Aliniapisha nisiseme. Alijua karakana ingemrudisha nyumbani. Na alisema watoto wakijua watamkalisha kitini wamlishe kwa kijiko. Mimi nilimpeleka asubuhi, nikamfuata jioni. Nikamchagulia nguo. Nikamwambia nani ameingia kabla hajasalimia. Anayesema aliingia mwenyewe, aje aniambie mimi. Alikuwa anakwenda dukani."

Wale wawili wa vyombo walikuwa wamesimama nyuma kabisa, mmoja akajifunika uso kwa kanga. Msichana wa meza ya jirani akaanza kulia, akasema na yeye alijua.

Ungedhani nilipata nafuu. Nilipata hasira. Watu walipotawanyika nilimfuata Baba chumbani. "Uliona vile nilivyomsema! Ulikuwa umekaa pale pale. Kwa nini hukufungua mdomo?"

"Niliapa."

"Baba, lile bakuli! Si ungelinyoosha hata kidogo?"

Akakaa kitandani, upande wako. Akanieleza kwamba sherehe zote za miaka hiyo miwili ghorofa ilijengwa na watu wawili: wewe mikono, yeye macho. Alikuambia krimu imefika wapi, stroberi ipi imeoza. Lakini safari hii sherehe ilikuwa yake. Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe, ulimtuma kwa kinyozi, ukamwambia asirudi kabla ya saa kumi. Ulitaka umfanyie wewe, peke yako, jambo asilolisaidia.

"Nilirudi nikamkuta amekaa chini karibu na friji," Baba alisema, "krimu mpaka kwenye kiwiko. Akaniuliza, 'Imenyooka?' Ningesema nini? Nilisema imenyooka. Alicheka, mwanangu. Sikuwa nimemsikia akicheka vile muda mrefu. Sasa mimi nilitoe bakuli nianze kulipangua mbele yake?"

Kwa hiyo nilipolitoa mbele za watu ulijua ni zuri. Ulikuwa umesimama pale mlangoni ukingoja tuchuchumae.

Miezi minne sikusema na Baba zaidi ya salamu. Kaka alijaribu kutupatanisha, akashindwa. Nilimlaumu Baba kwa kunyamaza ili nisikae peke yangu na kelele zangu. Naye alikonda, akaacha kunyoa ndevu, akawa anakaa dirishani kando ya cherehani na redio imezimwa. Kitinda mimba alihamia kwake, na bado yuko huko.

Wiki mbili zilizopita tulikutana kupanga kumbukumbu yako ya Jumapili hii. Baba akasema anataka ghorofa mezani. Nikasema nitaitengeneza, halafu nikamwuliza lile nililolikimbia mwaka mzima: kama ulikufa umenichukia.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao.

"Kukuchukia? Wageni walipoondoka aliniuliza, 'Kweli lilikuwa baya?' Nikamwambia halikuwa baya, lilikuwa zuri, ila mwalimu kachoka. Akasema, 'Nilijua. Tangu alfajiri yuko jikoni, hajakaa, hajala.' Akanituma nikufungie chakula."

Mfuko ule ninaukumbuka. Niliukuta kwenye kiti cha nyuma cha gari nilipofika kwangu: wali, nyama, na ndizi mbivu mbili zimefungwa pembeni zisipondeke. Nilidhani ni Kitinda mimba. Nilikula nimesimama, nikasema hata nyama wameniwekea ya mifupa.

Nimejaribu ghorofa mara mbili, Mama, na macho yangu mawili mazima. Uzi unanikatikia katikati ya keki, kastadi naimwaga ingali moto, jamu inapanda juu ya krimu. Ya kwanza tuliila wenyewe kimyakimya. Ya pili ndiyo itakayokuwa mezani Jumapili, na imepinda. Kitinda mimba ameshauri tuegeshe upande mbaya ukutani. Nimekataa.

Nimewaalika wale waliokuwepo siku ya Baba: mafundi bomba, na mkuu wao na mkewe. Wengine wameshangaa, wengine wamesema watakuja. Nitasimama kwenye mlango ule wa sebule, na kwa sauti ile ile ya darasani nitawaambia kwamba mama yangu hakuwa mzembe. Alikuwa kipofu, akajenga ghorofa tatu kwa vidole kwa ajili ya mume wake, na mimi nikazimwaga bila kuonja. Naliandika hapa mapema ili Jumapili nisipate njia ya kurudi nyuma. Samahani, Mama. Imechelewa, na haitoshi, na sina nyingine.

Unakumbukwa na mumeo, fundi bomba mstaafu, ambaye bado analala upande wake mmoja wa kitanda. Na mwanao wa kwanza, mwalimu. Na mwanao dereva wa lori, na mkewe. Na kitinda mimba wako. Na ndugu yako Mama Mdogo. Na wajukuu wako wanne, ambao uliwajua kwa viganja. Na msichana wa meza ya jirani, ambaye kwetu sasa ni mtoto wa nyumbani. Na mafundi wenzako wote wa karakana.

Kukusahau hatujui, na hatutajifunza.