Nguzo ya Tabaka Tisa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kifo cha mwendesha winchi na kujeruhiwa kwa meneja wa uzalishaji, kiwanda cha nguzo za umeme
Shahidi: mwanamke, kazini anafahamika kama Mama Nyuzi
Umri: miaka 44
Kazi: msimamizi wa mashine ya kuzungusha nyuzi, mwaka wa kumi na moja sasa
Makazi: nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, chumba namba 6
Yameandikwa: tarehe 12 Juni, saa 9:20 alasiri

Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Nitasema nilichokiona na nilichokifanya.

Kiwanda chetu kinatengeneza nguzo za umeme ambazo si za mti wala za zege. Ni za nyuzi za kioo na gundi. Nikiwasha mashine, mhimili mrefu wa chuma unazunguka, nyuzi zinapita kwenye beseni la gundi na kujiviringisha juu yake, tabaka juu ya tabaka. Kisha nguzo inaingia kwenye tanuri, inakauka, mhimili unachomolewa. Inabaki nguzo yenye uwazi katikati, nyepesi, watu wanne wanaibeba. Mhandisi aliyeichora alipanga tabaka kumi na mbili. Mchoro wake umebandikwa ukutani mbele ya mashine yangu, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mwezi wa pili meneja alikuja pale kwenye mashine, akaniambia tuzungushe tisa ili kazi iende haraka. Nilimuuliza kama mhandisi anajua. Akasema, "Wewe zungusha, mama. Mengine niachie mimi." Nikazungusha. Kwenye fomu ya kila nguzo niliendelea kuandika kumi na mbili, maana ndivyo alivyoniagiza. Afande ameniuliza ni nguzo ngapi. Ni mia mbili arobaini na mbili.

Mnamo tarehe 20 Mei, mtoto wa dada yangu, fundi wa laini za umeme mwenye miaka 26, alipanda nguzo mojawapo kufunga waya. Nguzo ilikatika karibu na ardhi, akaanguka nayo, ikamlalia kifuani. Alifariki siku ya pili. Alikuwa ananiita mama mdogo. Kiwanda kiliandika barua kwamba alipanda bila kufunga mkanda. Mkanda wenyewe wazazi walirudishiwa hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, kishikizo chake bado kimefungwa. Ilibidi ukatwe ubavuni kumtoa.

Baba yake ndiye huyu marehemu. Alikuwa mwendesha winchi, mashine ya kuvutia waya, kwenye uwanja wa majaribio, na jina lake likawa Winchi, hata dada yangu nyumbani alimwita hivyo hivyo. Kwangu ni shemeji. Alikuwa mtu wa mzaha. Alikuwa akisema nguzo nzuri ni kama mama mkwe, inakuinamia kidogo mkisalimiana, halafu inarudi palepale ilipokuwa. Baada ya mazishi hakutania tena. Alishona ule mkanda palipokatwa, akawa anaufunga kiunoni kila siku kazini. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Jana, tarehe 11 Juni, saa 2:40 asubuhi, mhandisi aliniita kwenye chumba cha vipimo. Alikuwa amekichukua kisiki cha ile nguzo iliyomuua kijana wetu. Shemeji ndiye aliyekileta kwa foklifti, na hakuna aliyemwambia atoke. Mhandisi alikata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakitia kwenye tanuri dogo la mezani. Gundi ikaungua yote, zikabaki tabaka za nyuzi nyeupe, ambazo ukizishika kwa kibano unazibandua moja moja kama vitambaa vilivyokunjwa. Alizibandua huku akihesabu kwa sauti. Alifika tisa, akakigeuza kibano kuangalia kama kuna nyingine imenata. Haikuwepo.

Akaniangalia. Mimi nikaangalia sakafu.

Shemeji akauliza, "Zilitakiwa ngapi?"

Mhandisi akasema, "Kumi na mbili."

Wakati huo meneja aliingia, nadhani alikuwa ameambiwa. Aliziona zile nyuzi mezani. Akasema, "Hesabu hiyo haitoki humu ndani." Mhandisi akajibu kwamba barua ameshaiandika na ataipeleka ofisi ya umeme mwenyewe. Meneja akamkaba shati na kumsukuma. Tanuri dogo lilikuwa wazi. Mhandisi alijishikiza kwenye mlango wake kwa mkono wa kushoto, ukanata. Nilisikia ngozi. Alipouvuta mkono, sehemu ya kiganja ilibaki pale. Meneja hakurudi nyuma, alimpiga kichwa kwenye ukingo wa meza mara mbili, akafagia zile nyuzi kwa kiwiko na kuzikanyaga chini. Akasema, "Ongea tena." Halafu akatoka.

Nilimfunga mhandisi mkono kwa kanga niliyokuwa nayo. Alikuwa anarudia, "Mama Nyuzi, ulijua?" Nilimjibu ndiyo. Niliponyanyua macho, shemeji hayupo.

Nilimwacha mhandisi na mlinzi, nikaenda uwanja wa majaribio. Ilikuwa saa 3:25, saa ya ukuta wa karakana niliiona. Uwanjani nguzo inalazwa chini, shina lake linabanwa kati ya matofali makubwa ya zege, ncha inakaa juu ya kitoroli chenye magurudumu. Winchi iko pembeni na inavuta ncha kwa waya wa chuma mpaka nguzo ikunjike. Kuna kizimba cha wavu ambamo mwendeshaji anakaa, kwa sababu waya ukikatika unarudi kama mjeledi. Kwenye mlango wa uwanja kuna kitufe chekundu. Ukikibonyeza, ngoma ya winchi inafunguka na waya unalegea papo hapo.

Nilikuta meneja amemfuata shemeji kumwambia arudishe funguo za foklifti aende nyumbani. Shemeji alikuwa ameshika mtaimbo. Alimpiga nao goti, meneja akaanguka, akampiga tena mbavuni alipojaribu kutambaa. Wafanyakazi wawili waliokuwepo walikimbia. Shemeji alimburuta kwa kola mpaka kwenye ncha ya nguzo, akafungua ule mkanda kiunoni mwake, akamfunga nao kifua kwenye nguzo, akaukaza kwa goti mpaka meneja akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Kisha akaenda kwenye winchi. Hakuingia kwenye kizimba. Alisimama nje ili amwone uso.

Mimi nilikuwa mlangoni. Kitufe kilikuwa begani kwangu.

Aliniona. Akasema, "Shemeji, usiguse hicho." Alisema kwa upole, kama mtu anayekuomba usimwamshe mtoto.

Akavuta mkono wa winchi. Waya ukakaza, kitoroli kikaanza kwenda na nguzo ikapinda. Meneja akawa anapiga kelele kwamba shemeji atafukuzwa, atafungwa.

Shemeji akamuuliza, "Hii ina tabaka ngapi?"

Meneja akasema, "Kumi na mbili."

"Basi usiogope. Ya kumi na mbili haivunjiki."

Akaongeza. Kipimo kilisoma robo tatu ya tani. Damu ilikuwa inamtoka meneja mdomoni, imechafua shati lote. Shemeji akauliza tena. Meneja akasema kumi na mbili, na safari hii alinitazama mimi, kama anayetaka nimthibitishie. Kipimo kikafika tani moja. Nguzo ilianza kutoa ule mlio wa nyuzi zinazokatika, mmoja, kisha miwili, kisha kama mchele unaomwagika.

Hapo meneja alilia, akasema, "Tisa. Ni tisa. Nilisema tisa mimi."

Shemeji aliachia mkono wa winchi mara ileile. Nataka liandikwe vizuri hilo, afande. Aliachia. Winchi ilisimama, lakini waya ulikuwa bado umekaza, na nyuzi ziliendelea kukatika zenyewe. Shemeji alipiga hatua kumwendea, nadhani akamfungue. Nguzo ikakatika shinani. Kipande cha mbele kiliruka pamoja na meneja, kikambamiza kwenye ukuta, mguu wake wa kulia ukageuka nyuma. Waya ulichomoka nchani na kurudi. Ulimpata shemeji shingoni. Hakutoa sauti. Nilimfikia akiwa bado ananiangalia, nikambana shingo kwa mikono yote miwili, na damu ikawa inapita katikati ya vidole. Ilichukua muda mfupi sana.

Jana nilimwambia askari aliyefika kwamba sikuwahi kukifikia kile kitufe. Huo ni uongo, naomba ufutwe. Niligeuza kichwa nikakiangalia. Niliona kipimo kikiwa robo tatu, niliona kikiwa moja. Ningeweza kubonyeza kwa kiwiko tu. Sikubonyeza kwa sababu nilitaka aseme. Nilitaka aseme yeye, kwa mdomo wake, ili isiwe mimi. Alipokwisha kusema, nilisikia kifua kimekuwa chepesi, na ndipo nguzo ilipokatika. Ningebonyeza mapema, shemeji angekuwa hai leo, yuko mahabusu, lakini hai.

Ukiondoa ile ya kijana wetu na hii ya jana, nguzo mia mbili na arobaini zilizobaki zimesimama barabarani. Namba zake ninazo zote kichwani na niko tayari kuziandika sasa hivi. Watu wasizipande.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimeyasema kwa hiari yangu, na nimeyasikiliza yaliposomwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoielewa, amekubali ni sahihi. Ameandika kwa mkono wake namba 240 za nguzo, kurasa nne, zimeambatanishwa. Nakala imepelekwa ofisi ya umeme saa 11:05 jioni ili mafundi wazuiwe. Dada yake, mjane wa marehemu, amefika kituoni na yuko kwenye benchi la mapokezi. Shahidi ameomba atolewe kwa mlango mwingine. Nimemjulisha kwamba kituo kina mlango mmoja.